Orodha Moja ya Matroni

Nimeshtushwa na watu wengi maishani, lakini Matroni alinishtua kuliko hao wote wakijumlishwa. Mara ya kwanza ilikuwa siku aliponionyesha simu yake. Nilikuwa mwalimu mpya wa kompyuta katika shule moja ya bweni ya wasichana, pembeni mwa mji wa Kitale, na yeye ndiye alikuwa mlezi wa mabweni. Dawa za wagonjwa, ruhusa za kwenda nyumbani, magodoro yaliyolowa, viatu vilivyopotea, machozi ya wageni wa kidato cha kwanza, yote yalipitia kwake. Nikamwuliza anakumbukaje mambo ya mamia ya wasichana. Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akaifungua, nikaona ukurasa mmoja mweupe wenye mistari kumi na mmoja.

"Zingine ziko wapi?" nikauliza.

"Zingine gani?"

"Hizi ni za leo. Za wiki je? Za muhula? Za kila bweni?"

"Mwarimu, ni hizo tu," akasema. "Kesho itakuja na zake."

Ilikuwa ile programu inayokuja na simu kutoka dukani, ambayo watu kama mimi huificha siku ya kwanza ili isitupotezee nafasi. Unaandika mstari, mbele yake kuna kisanduku, ukikibonyeza mstari unaondoka. Haina rangi, haina jedwali, haina chochote cha kumwonyesha mgeni. Nilimhurumia Matroni, na nilimhurumia waziwazi, jambo ambalo nikilikumbuka leo natamani ardhi inifiche.

Siku hizo nilikuwa mgonjwa wa programu, na sioni aibu kulisema hilo. Aibu yangu iko mahali pengine, tutaifikia. Kila nilipoona mtu kwenye mtandao amepanga kazi zake vizuri kuliko mimi, nilihamia programu yake. Mke wangu, tulipokuwa tumepanga nyumba Kibomet, alikuwa akiniuliza kama zile kazi zenyewe ninazifanya au ninazipanga tu. Mwishowe nikaangukia ile niliyoamini ni ya mwisho. Hiyo ilikuwa kiwanja kitupu pamoja na mbao na misumari: unajenga utakacho. Ukurasa ndani ya ukurasa, jedwali linaloongea na jedwali, kazi yenye rangi, yenye tarehe, yenye kiwango cha uharaka. Ya Matroni ilikuwa kiti. Unakikalia, basi.

Nilimwonyesha kiwanja changu pale nje ya chumba cha kufulia. Alivaa miwani, akatazama kidole changu kikifungua ukurasa, halafu ukurasa, halafu ukurasa.

"Hii kitu yako iko na mirango mingi," akasema.

"Ndiyo uzuri wake, Matroni."

"Kitu ya kukumbuka ikiwa na mirango tatu, hiyo hujaiweka. Hiyo umeifungia."

Nilicheka. Nilipenda kumcheka, na yeye alinivumilia. Alikuwa mtu wa Bungoma, na mdomoni mwake L na R zilikuwa zimebadilishana viti zamani sana, wala hazikuona haja ya kurudi. Akiingia ofisi ya walimu kuomba kalamu, alisema, "Mwarimu, nipe karamu," nami nikamjibu, "Karamu ni Krismasi, Matroni." Akiwaita wasichana chakulani, "Twende tukure," mimi nilikuwa nikiuliza mgombea ni nani. Walimu walivunjika mbavu. Yeye mwenyewe alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akachukua kalamu, akaenda. Hakuandika tofauti na alivyosema. Kwenye orodha yake godoro la msichana aliyeitwa Violet lilikuwa "godolo", na aliyehitaji dawa ya malaria alihitaji "maralia". Nilimwambia simu inaweza kumsahihishia. Akasema yeye ndiye anayesoma, na yeye anajielewa.

Alikuwa na sheria moja kuhusu orodha, nayo aliitangaza kama wengine wanavyotangaza wokovu. "Kitu ikikaa kwa olodha siku saba, ama uifanye, ama uifute, ama ukubari wewe ni muongo." Kila Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye benchi la kufulia, viatu amevivua, akaipitia mistari iliyobaki. Siku moja nilimkuta ameishika simu kwa huzuni kama mtu aliyepata habari za msiba. Nikachungulia. Mstari uliobaki ulisema, "Kupunguza mwiri."

"Imekaa siku saba," akaniambia. "Mimi si muongo." Akaufuta, akanyoosha mkono akachukua andazi.

Usidhani alikuwa mtu wa mambo machache. Mkoba wake ulikuwa ghala. Nimewahi kumwona akitoa humo pini, dawa ya minyoo, gunzi la muhindi, kitabu cha nyimbo, soksi moja, na picha ndogo za pasipoti za wasichana waliomaliza shule zamani, ambazo hakuweza kuzitupa. Kutafuta funguo humo ilikuwa kazi ya robo saa na maombi. Nikamwuliza, mbona mkoba una milango mingi na orodha haina hata mmoja?

"Mkoba haukumbushi mtu dawa," akasema.

Na hakuwa mpole. Alikuwa na sauti iliyoweza kuamsha bweni lote bila kengele. Alimfokea msichana aliyelia kwa kukosa barua, kisha baadaye ukamwona anamwandikia yeye mwenyewe barua na kuiweka kitandani bila jina. Alipinga uongo kila Jumapili, na katikati ya wiki akamwambia mzazi uso mkavu kwamba binti yake amelala, kumbe binti amejificha nyuma ya mlango kwa sababu hakutaka kumwona baba huyo. Ukimwuliza, alikwambia huo si uongo, huo ni mlango umefungwa. Milango mingine aliikubali.

Tulipokwenda mji wa Kwanza kwa michezo ya shule, simu yake ilianguka kwenye tope, basi likaikanyaga. Nilishtuka mimi badala yake. Yeye aliokota vipande, akavitia mkobani, akaomba karamu. Akaandika kwenye kiganja cha mkono wa kushoto mistari tisa, mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Jioni hiyo hakuna aliyekosa dawa. Mimi mwezi uliopita nilikuwa nimesahau neno langu la siri, nikakaa siku mbili bila kujua nifanye nini na maisha yangu.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni namna alivyowaita wagonjwa. Walikuwepo wasichana wenye pumu, wenye seli mundu, na wale wa kifafa, ambao hofu yao kubwa si kuanguka, ni wenzao kujua. Matroni hakuwaita dawa. Alisimama mlangoni akabweka, "Wewe, kuja uoshe vikombe." Shule nzima iliamini hao ni watundu wanaoadhibiwa. Ndani ya chumba chake walimeza vidonge, wakakaa kidogo, wakatoka na mikono imelowa maji kwa makusudi. Kwenye orodha yake hapakuwa na jina la ugonjwa hata mmoja. Kulikuwa na jina la mtu na "asb na jioni." Mtu akichungulia begani mwake, hakuna alichopata.

Mmoja wa hao wa vikombe alikuwa Naliaka wa kidato cha kwanza. Mtoto mwembamba, mwenye pengo dogo kati ya meno ya mbele na mwandiko mzuri kuliko wangu. Alikuwa na kifafa. Matroni alimwandika "Nariaka", kama alivyomwita.

Sasa niseme niliyoyafanya. Nilimshawishi Mwalimu Mkuu kwamba mabweni yahamie kwenye mfumo wangu. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mwerevu, ila alipenda rangi. Alipoona wasichana wamepangwa kwa bweni, kwa kidato, kwa dawa, na kila asubuhi karatasi inatoka kwenye printa yenyewe, alisema tumechelewa. Matroni aliombwa atume majina ya wote wanaotumia dawa. Aliyatuma kwa ujumbe wa simu, mstari kwa mstari, na mimi nikayamwaga kwenye mfumo. Mfumo ukayalinganisha na rejista ya shule. Yote yalipata wenyewe isipokuwa jina moja, ambalo lilipigwa alama nyekundu: halitambuliki.

Nariaka.

Nilicheka peke yangu. Nikamwonyesha mwalimu wa jiografia, naye akacheka. Mtu yeyote aliyelelewa Bungoma, hata mlinzi wa langoni, angelisoma jina lile na kumjua mwenyewe papo hapo. Mashine haikulelewa Bungoma. Nami, badala ya kubadilisha herufi moja pale pale, nikafanya kile wagonjwa wa programu hufanya: nikaandika kazi. "Sahihisha R ya Matroni." Nikaipa rangi ya manjano na tarehe, nikaiweka kwenye ukurasa wa Usafi wa Majina, ulio ndani ya Mfumo wa Mabweni, ulio ndani ya Muhula wa Pili. Kisha nikafunga kompyuta nikiwa nimeridhika kama mtu aliyefanya kazi.

Kosa halikuonekana, kwa sababu Matroni hakuwahi kuutumia mfumo wangu. Alichukua karatasi ya asubuhi, akashukuru, akaiweka chini ya sufuria ya chai, akafuata simu yake. Mpaka alipofiwa na kaka yake na kulazimika kwenda mazishini Bungoma, Ijumaa hadi Jumatatu. Nilimsindikiza langoni. Alikuwa na wasiwasi, mkoba umemwelemea.

"Hiyo kitu yako inajua kira mtu?" akauliza.

"Kila mtu, Matroni. Nenda tu ukazike."

"Niandikie mwarimu wa zamu hii olodha yangu?"

"Hakuna haja. Mfumo upo."

Akanitazama. Akaitia simu mkobani, akaenda. Niliyasema hayo nikiwa na akili timamu, mbele ya mlinzi.

Siku tatu mwalimu wa zamu alisoma majina kwenye karatasi iliyotoka kwenye printa, kwa sauti, na kila aliyesomwa alikwenda kumeza dawa yake. Naliaka hakusomwa. Vidonge vyake vilikuwa ndani ya sanduku la Matroni vikiwa na jina lake. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, aliyezoea kuitwa aoshe vikombe, na hakuna aliyemwita. Angesema nini, mbele ya mstari wote? Alingoja.

Jumatatu asubuhi baada ya paredi alianguka kwenye ngazi za bwalo. Nilikuwa hatua chache kutoka pale, kikombe cha uji mkononi. Kilipoisha kifafa cha kwanza kikaja cha pili kabla hajafumbua macho. Wasichana wakapiga mayowe, wapishi wakatoka mbio, gari la shule likaletwa, akapakiwa. Nilibaki nimesimama, na mmoja wa wapishi, mama mtu mzima, alikuwa ameinama kwenye ngazi akiokota kitu. Yalikuwa meno mawili ya mbele. Aliyafunga kwenye karatasi laini, hakujua ampe nani, akanipa mimi.

Unaweza kudhani nilikimbilia hospitali. Nilikimbilia chumba cha kompyuta. Nilifungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kazi yangu ya manjano ilikuwa pale pale, na tarehe yake imepita kwa wiki saba. Nikachukua dawa zilizokuwa kwa Nariaka asiyetambulika, nikaziingiza kwa Naliaka, nikaandika kwamba Matroni alizituma kwa simu asubuhi hiyo hiyo. Nikaifuta kazi ya manjano. Kila kitu kilikaa sawa. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba programu nzuri hukuwezesha kurekebisha makosa haraka, na siku hiyo nilithibitisha.

Mtoto alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Alikaa hospitali siku kadhaa, na wazazi wake wakaja kuchukua sanduku lake la chuma. Siku ya Jumanne Matroni alirudi, leso za mazishini zikiwa bado kiunoni, akaitwa ofisini. Mimi niliitwa kama shahidi. Mwalimu Mkuu alimpa karatasi niliyokuwa nimeitoa kwenye printa.

"Mwalimu anasema jina la huyu mtoto ulilituma kwa simu Jumatatu, akiwa ameshaanguka. Ati ulikuwa umelisahau."

Matroni alivaa miwani. Aliisoma karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwa juu yake. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira. Niliangalia kalenda ukutani.

"Basi ni mimi," akasema.

Nilishtuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nilikuwa hata na maelezo ya kiufundi. Nikajiambia amezeeka, ameanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe, na katika wazo hilo, Mungu anisamehe, nilipata nafuu. Mwisho wa muhula akaondoka kazini. Tulimuaga kwa soda na keki, kwaya ikaimba, na alipofika kunipa mkono alisema neno moja tu: "Mwarimu, usisahau siku saba." Nikadhani ananikumbusha orodha. Nilielewa nilichotaka kuelewa.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu ilikwenda miaka minne. Niliondoka shule ile, nikawa mtu wa kualikwa kwenye semina, kuwafundisha walimu kupanga kazi zao kwa simu na kompyuta. Mwaka huu nikaalikwa Bungoma. Ukumbi ulikuwa umejaa walimu wakuu na makatibu wa shule, na mada ilikuwa ile ile ya siku zote: uchague programu gani. Nilianza kwa kuwachekesha, nao wakanichekesha. Mwalimu mmoja mzee akasema, "Mchagua jembe si mkulima, bana," ukumbi ukaangua kicheko. Halafu mama mmoja wa safu ya mbele, katibu wa shule ya bweni, akauliza kwa upole.

"Mwarimu, tuseme niko na watoto wa dawa. Nichukue ile lahisi ama ile iko na kira kitu?"

Sauti ilikuwa ile ile. Nilifungua kinywa kutoa jibu nililolitoa mara nyingi, kwamba inategemea mahitaji yako, na halikutoka. Walinipa maji. Nikamwambia yule mama achukue ile rahisi, na asimwachie mtu mwingine kazi ya kusoma majina. Nikawaomba radhi, nikasema nina mgonjwa wa kumwona. Kwa mara ya kwanza kwa miaka minne sikuwa nimedanganya sana.

Nyumbani kwa Matroni si mbali na mji. Nilimkuta kibarazani, ungo mapajani, anachagua maharagwe. Alikuwa amekonda, mkono mmoja unatetemeka kidogo, lakini sauti haikuwa imepungua hata chembe.

"Kalibu, Mwarimu. Kaa hapo. Sasa mwiri umepungua bira hata kuandika," akasema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akageukia jikoni, akamwambia mkwewe akamate kuku.

"Matroni, sikuja kula."

"Najua. Ndiyo maana nimesema akamate, sijasema apike. Sema."

Nikasema. Nilisema juu ya alama nyekundu na kicheko changu na mwalimu wa jiografia. Nilisema juu ya kazi ya manjano nyuma ya milango mitatu, na nilivyokimbilia kompyuta badala ya mtoto, na nilichoandika, na nilichofuta. Nilisema juu ya meno mawili ambayo bado ninayo, kwenye droo, kwa sababu sikujua kitu cha kuyafanyia. Aliendelea kuchagua maharagwe. Nilipojaribu kuruka sehemu ya ofisini aliniambia nirudi nyuma, niiseme yote. Nikairudia. Nilikuwa nalia, na sikujali mkwewe ananiona.

Nilipomaliza aliweka ungo chini, akapangusa mikono, akatoa simu kifuani. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni. Akaifungua, akanigeuzia. Ukurasa mweupe, mistari mitatu. "Chanjo ya kuku." "Dawa ya pleshaa." Na chini kabisa, "Mwarimu akuje aseme." Ile programu, rahisi kama ilivyo, huweka tarehe yenyewe. Ilikuwa ya ile Jumanne ya ofisini.

Miaka minne. Mtu aliyefuta mwili wake mwenyewe kwenye orodha kwa sababu ya siku saba.

"Ulijua," nikasema.

"Nirijua pare pare. Ile karatasi irikuwa na L." Alichora herufi hewani kwa kidole. "Mimi siandikangi L hapo. Tangu nizariwe. Wewe ndiye urikuwa unanisahihisha."

"Kwa nini hukusema?"

Hakuwa na haraka ya kunifariji.

"Mimi pia nirikuwa na yangu. Niriacha watoto wangu na kitu sierewi, na roho irinikataza pare kwa geti, nikaenda. Hiyo irikuwa kosa yangu, nikasema ni mimi. Ire ingine irikuwa yako. Ya mtu haibebwi, Mwarimu. Inangojwa."

"Na Naliaka?"

"Ako Kachibora, upande wa Kitare. Arimariza shure kwingine. Anashona sweta za shure, ako na mashini yake. Dawa anameza. Nampigia kira Jumapiri."

Nikashusha pumzi. Nikasema ashukuriwe Mungu. Matroni akanikata kwa mkono.

"Anajua mimi ndiye nirimsahau," akasema. "Si hivyo ndivyo uriwaambia? Ananipenda, anapokea simu, anacheka. Rakini anajua siku tatu nirimsahau. Kira siku asubuhi ananitumia ujumbe, 'Matroni, nimemeza.' Hataki nisahau tena."

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kuliko siku zote. Nilidhani nilimnyang'anya mtoto meno mawili na muhula mmoja. Sikuwa nimejua kwamba nilimnyang'anya pia mtu ambaye hakuwahi kumsahau.

Matroni aliweka kidole kwenye kisanduku cha mstari wa mwisho. Ukaondoka. Kukabaki kuku na pleshaa.

"Yangu imeisha," akasema. "Toa yako."

Nikatoa simu. Alivaa miwani, akainama begani mwangu. Nikafungua mlango wa kwanza, nikatafuta mahali pa kuandika, nikafungua wa pili, na kidole kikakwama. Aliichukua simu mkononi mwangu, akatafuta mwenyewe kati ya picha zote zile, akaifungua ile programu ya bure iliyokuja na simu, ambayo sikuwa nimeigusa tangu niinunue. Ilikuwa nyeupe tupu.

"Andika hapo."

Nikaandika: Naliaka, Kachibora.

Alisoma, akakunja uso. "Huyo ni nani?"

Nilifuta. Nikaandika upya, polepole: Nariaka, Kachibora.

"Eeh," akasema. "Siku saba." Kisha akageukia jikoni, akamwambia mkwewe sasa apike.